Somo la Kumficha Madam

Nilipewa cheo cha mtaalamu wa teknolojia kwa sababu moja tu: katika kikundi chetu chote, mimi ndiye niliyekuwa nafanya kazi karibu na printa. Niko mapokezi katika ofisi moja huko Jumeirah Lake Towers, Dubai, na kazi yangu ni kutabasamu, kuagiza maji, na kuizima printa na kuiwasha tena inapogoma. Mwenyekiti wetu, Mkenya ambaye ni mlinzi wa jengo hilohilo, aliwahi kuniona nikiichomoa karatasi iliyokwama. Tangu siku hiyo akawa ananitambulisha kwa watu kama mtu wa kompyuta. Nilikanusha kidogo, kisha nikaona cheo chenyewe hakina ubaya.

Kikundi chetu ni cha wafanyakazi wa Afrika Mashariki: akina dada wa kazi za ndani, walinzi, wahudumu wa migahawa. Tunakutana ili kujua nani anaumwa, nani kafiwa, nani hazijui haki zake na nani anazijua ila anaogopa kuzitaja. Mji huu haupendi watu wakikusanyika bila sababu inayoeleweka, na sababu inayoeleweka kuliko zote ni keki. Kwa hiyo kila mkutano wetu ni sherehe ya kuzaliwa. Tunapanda ghorofani kwenye mgahawa mmoja wa Oud Metha, tunaweka keki mezani, tunaimba kwa sauti ya kusikika hadi chini, halafu tunaanza ajenda. Mwenyekiti alikwisha kuzaliwa Machi, Juni na Oktoba, na kila mara huipuliza mishumaa kwa moyo mmoja.

Mwaka jana iliamuliwa tufanye mkutano mkubwa wa mafunzo ya simu, mafunzo ya vitendo, kila mtu na simu yake mkononi. Mpangaji nikawa mimi. Kamati ilikaa kwenye benchi kando ya ziwa, wakati wa mapumziko ya Mwenyekiti, naye akaja na ratiba kichwani.

"Tunafungua na maombi, mara mbili," akasema. "Ya Wakristo na ya Waislamu. Then mgeni wa heshima. Then speech yangu. Halafu tunapata mada ya artificial intelligence."

"Nani ataitoa hiyo?"

"Si ni wewe, dada. Wewe ndio mtu wa computer."

"Na mafunzo yenyewe?"

"Hiyo tutai-squeeze hapo mwisho, kama time itabaki."

Nilipandwa na hasira. Kuna watu pale wanaopata saa chache tu za Jumapili, wengine baada ya kubembeleza wiki nzima, na mwanamume huyu alitaka kuzitumia kumsikiliza yeye. Nikamwambia hotuba haipo. Tukavutana mpaka mapumziko yake yakakaribia kwisha, ndipo tukapatana: maombi yabaki yote mawili, hotuba, mgeni wa heshima na artificial intelligence viondoke, na yeye kwa kufidiwa apewe sare. Kitenge kimoja kwa wote, cha njano na bluu. Yaani mkutano tuliokuwa tunauficha nyuma ya keki sasa ulikuwa na sare. Nilimwonyesha hilo, akasema watu wakija bila sare haitaonekana kama ni kitu serious.

Mimi pia nilikuwa na ukubwa wangu. Nilikuwa nimeandaa masomo mazito ya kutisha, kuhusu nywila na wadukuzi na mambo niliyoyasoma usiku uliopita. Lakini kabla ya kuyapanga nikawauliza wanachama wanataka kujifunza nini. Ujumbe wa sauti ukamiminika, na karibu wote ulisema jambo moja. Hakuna aliyemwogopa mdukuzi. Walitaka kujua namna ya kumficha madam stetasi.

Kwa asiyejua, stetasi ni zile picha unazoweka kwenye simu zikakaa siku nzima, na kila mwenye namba yako anaziona. Kwa dada anayelala kwenye chumba cha pembeni ya jiko la watu, stetasi ndiyo sebule yake. Hapo ndipo anapokaribisha wageni, anapopokea hongera, anapowaonyesha watu wa nyumbani kwamba yu hai na kanenepa. Tatizo ni kwamba namba yake madam, yule bosi mwenye nyumba, anayo, na madam naye amekaa kwenye sebule hiyo, miguu juu.

Basi masomo yangu mazito nikayatupa. Nikapanga meza tatu: meza ya kuondoa picha zilizojaza simu, meza ya kufunga simu isifunguliwe na mtu mwingine, na meza ya kumficha madam, ambayo niliisimamia mwenyewe. Nikaweka na sheria moja isiyo na mjadala, kwamba mwalimu haigusi simu ya mwanafunzi. Sote tunamjua yule anayekusaidia kwa kukunyang'anya simu, akabofyabofya huku akiguna, kisha akakurudishia na kusema tayari. Unabaki mjinga vilevile, ila sasa na deni la shukrani. Kwa hiyo walimu wote tungesimama mikono nyuma, na kidole kiwe cha mwanafunzi.

Mwanafunzi wa kwanza kuandikisha jina kwenye meza yangu alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila ndivyo alivyoitwa na wote. Ni mtu wa Tanga, mama wa makamo, mcheshi, mpenda kupendeza, na anafanya kazi za ndani kwa familia moja huko Jumeirah Village Circle. Siku ya mapumziko kila wiki ni haki yake kisheria, lakini sheria haikai naye jikoni. Alipoiomba, madam wake alimuuliza anakwenda wapi na anamjua nani mjini. Ndipo Shangazi akamzua binamu mgonjwa.

Binamu huyo alikuwa na maradhi ya mgongo yasiyopona. Kila Jumapili mchana Shangazi alikwenda kumwangalia, na madam, ambaye si mtu wa roho mbaya, ni mtu tu aliyezoea kuombwa, akawa anamfungia supu ya kuku ampelekee mgonjwa. Supu hiyo tuliinywa sisi. Ilikuwa supu nzuri, yenye tangawizi nyingi. Kwa hiyo Jumapili zote za Shangazi, yaani maisha yake yote ambayo si ya watu wengine, zilikuwa zimeegemea mgongo wa mtu asiyekuwepo.

Siku ya mafunzo ilipofika tuliomba mara mbili, tukaimba, Mwenyekiti akazaliwa tena. Meza yangu ilijaa. Nikawaeleza kwamba simu inakupa njia mbili. Njia ya kwanza, stetasi inaonekana kwa wote isipokuwa wale uliowawekea tiki. Njia ya pili, inaonekana kwa wale tu uliowawekea tiki. Nikazirudia. Nikawaambia sisi tunatumia ya kwanza, mtafute madam, mwekee tiki, hifadhi. Mikono yangu ilikuwa nyuma kama ya askari aliyeambiwa alegeze.

Shangazi miwani aliiacha kwenye pochi kwa sababu ya picha. Alibofya kwa ujasiri, akatangaza amemaliza, na kwa kuwa somo ni la vitendo akafanya la vitendo: akaenda katikati ya ukumbi akiwa na kitenge chake cha njano na bluu, mkono kiunoni, mdomo wazi kwa kicheko, sisi nyuma yake wote tukiwa sare na keki mbele yetu. Akapigwa picha. Akaiweka kwenye stetasi.

Baada ya muda alinirudia amenuna.

"Mwanangu, mtandao wa mgahawa huu ni mbovu. Dada yangu Tanga hajaona. Mawifi hawajaona, nao huwa hawakosi. Kaona mtu mmoja tu."

"Nani?"

Akatoa miwani. Akasogeza simu mbali, kisha karibu. Uso wake ulibadilika, na sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa amechagua njia ya pili. Alikuwa amemwekea madam tiki peke yake, na katika dunia nzima, kuanzia Tanga hadi Dubai, picha ile ilikuwa imeonyeshwa kwa mtu mmoja.

Aliifuta, lakini aliyeona ameshaona. Kila mtu akawa na ushauri. Mmoja akasema aseme simu iliibwa. Mwingine akasema aseme binamu amepona ghafla na hiyo ndiyo sherehe yenyewe, na nakiri ushauri huo niliufikiria kwa dakika kadhaa. Mwenyekiti akasema tulipokee jambo hili kama ajenda. Ndipo simu ikalia kwa ujumbe wa sauti, na Shangazi akauweka wazi tusikie sote. Sauti ya madam haikuwa ya ukali, na hilo lilitutisha zaidi. Alisema kwa Kiingereza, akafunga kwa Kiarabu: njoo nyumbani, tutazungumza, khalas, yaani basi.

Shangazi akakaa, akamaliza kipande chake cha keki mpaka makombo, akapangusa mdomo.

"Kama ndiyo Jumapili yangu ya mwisho," akasema, "siiachi keki."

Akaondoka. Tulibaki tumesimama na vitenge vyetu, tukiona aibu kuwa tumependeza.

Wiki ile nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. Mtu mzima mwenye wajukuu, Jumapili yake inaning'inia kwenye tiki moja. Kumpigia nisingeweza, kwa sababu simu yake ingeweza kuwa mikononi mwa madam. Asubuhi nikipita getini Mwenyekiti alinitazama kwa kuuliza, nami natikisa kichwa, naye anainua kizuizi kwa huzuni kama anaruhusu jeneza. Kazini nilitabasamu kama kawaida. Printa ikagoma nikaipiga kofi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Oud Metha bila matumaini, kukabidhi viti tulivyoazima. Shangazi alikuwa amekaa ghorofani, mapema kuliko wote, anakunywa chai.

"Usinitolee macho," akasema. "Kaa."

Akanisimulia. Alipofika nyumbani siku ile, madam alimkalisha kwenye kiti cha jikoni, akamuuliza binamu yukoje. Shangazi alikuwa na uongo mwingine tayari, aliupanga njia nzima. Lakini alipofungua mdomo akajikuta amechoka, kachoka tu, kama mtu aliyebeba ndoo akaamua kuitua. Akasema hakuna binamu. Hajawahi kuwepo. Huwa anakwenda kukaa na wenzake, na siku ile walikuwa wanajifunza simu.

"Akaniuliza, mnajifunza nini kwenye simu? Nikamwambia, kukuficha wewe."

"Ukamwambia hivyo?"

"Sasa nimfiche nini tena, mwanangu, na yeye peke yake ndiye aliyeniona?"

Madam alivuta kiti cha pili akakaa. Shangazi akawa anahesabu nguo zake moyoni, zipi zitaingia kwenye begi na zipi atawaachia wenzake. Kisha madam akainuka, akaenda kuufunga mlango wa jikoni, akarudi akakaa karibu kuliko walivyowahi kukaa, akasema kwa sauti ya chini:

"Hiyo kitu, inafanya kazi pia kwa mama wa mume?"

Kumbe madam naye ana madam wake. Mama mkwe anatazama kila picha anayoiweka, kisha anapiga simu: gauni lile lilikuwa la kazi gani, ile hoteli mlikwenda na nani, mtoto mbona hakuvaa soksi. Miaka yote hiyo madam alikuwa anamchungulia Shangazi, na yeye mwenyewe anachunguliwa kutoka juu. Sikumhurumia sana, lakini nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Ukamwonyesha?"

"Nimwonyeshe nini? Nikamwambia, Madam, hilo ni somo gumu, nami mwenyewe umeona nilivyolikosea. Linafundishwa Jumapili. Nitakuwa nakwenda, nikirudi nakuonyesha kidogo kidogo, inshallah. Akasema yalla, nenda. Leo kaniuliza kwa nini nisiondoke mapema zaidi nisichelewe kipindi."

Somo lile ni la muda wa kumenya kitunguu kimoja. Nilitaka kumwambia kwamba Jumapili ni yake, kwamba hapaswi kuinunua kwa binamu wala kwa mama mkwe wa mtu. Lakini hayo anayajua. Ndiye aliyetufundisha nusu yetu. Nikamuuliza tu anafikiri madam atahitimu lini.

Akakoroga chai yake taratibu.

"Pasipoti yangu iko kwenye kabati lake," akasema. "Siku atakayonipa mkononi nirudi kwetu, nitamwonyesha somo lote palepale mlangoni."