Sweta la Mzee wa Kikohozi

Mafundi wenzake walimwita Miwani, maana hata akila alisahau kuvua ile miwani yake nyeusi ya kuchomelea. Nyumbani alikuwa Baba Pacha. Mageti yake yalisifiwa mtaa mzima. Chuma kilimtii, ila kwa pombe yeye ndiye aliyetii.

Siku moja, akiwa ameshapiga mbili tatu kabla ya adhuhuri, alichomelea chuma cha kushikia kwenye ngazi za nyumba ya mama mkwe wake. Wiki haikuisha. Mama wa watu alikishika, kikaachia, akaanguka na kuvunjika mkono. Hospitalini kila aliyemuuliza alijibiwa, "Niliteleza." Miwani alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda. Baadaye alikwenda kuitazama kazi yake. Ilikuwa ya juu juu, chuma hakijashikana hata robo.

Mkewe alijua ya pombe, ya ngazi hakujua. Hakugomba. Alirudi kutoka zahanati na karatasi aliyoandikiwa na muuguzi: ukumbi mdogo nyuma ya maktaba, kila Jumanne saa kumi jioni, watu wanaojaribu kuacha pombe hukutana.

"Nenda, Baba Pacha," alisema. "Sikuombi kingine."

Jumanne akaenda. Alichungulia dirishani, akaona viti vya plastiki vimepangwa duara, na kwenye kimoja amekaa mwalimu wa wanawe. Miguu ikagoma. Akaenda kukaa nyuma ya goli la uwanja wa mpira mpaka saa nzima ikapita, kisha akarudi nyumbani.

"Vipi huko?" mkewe aliuliza.

"Pazuri." Na kwa kuwa jibu lilionekana dogo, akaliongezea nyama: kuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa lori, hana mke wala mtoto, kikohozi kinamtesa, lakini hakosi hata siku moja.

Uongo ukaota miguu. Jumanne ya pili mzee alilia mbele ya watu. Ya tatu alimshika Miwani bega, akamwita mwanangu. Jumanne hiyo hiyo ya tatu Miwani alipitia kilabuni, akarudi nyumbani akitafuna karafuu njia nzima kuficha harufu. Mkewe alisikiliza habari za mzee kwa macho yanayong'aa, na Miwani akatamani ardhi impasukie.

Jumanne ya sita, alipokuwa anavaa viatu, mama mkwe akaingia na mfuko. Ndani mlikuwa na sweta zito la kijivu.

"Mpelekee yule mzee wa kikohozi," alisema. "Binti yangu kanisimulia. Mkono huu haukunjiki vizuri, ndiyo maana nimechelewa. Bega moja la sweta limekwenda upande, aniwie radhi."

Miwani alilipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Mama," alisema, akiangalia sakafu.

Kwenda uwanjani na mfuko ule hakuweza. Akasukuma mlango wa ukumbi. Mwalimu alimvutia kiti. "Karibu, Baba Pacha. Nilikuona dirishani siku ile."

Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi ni fundi. Nilimvunja mkono mama mkwe wangu, na kwa mkono huo huo amemfumia sweta mtu niliyemtunga mimi."

Mama mmoja muuza mboga akacheka, akajiziba mdomo. Wengine wakacheka pia, Miwani naye akacheka, mpaka kicheko kikamgeukia kilio.

Walipotoka alimvuta mwalimu pembeni. "Hakuna mzee yeyote hapa anayehitaji sweta? Nimpe, angalau liwe kweli."

"Wapo," mwalimu alisema. "Nikikupa mzee, wewe utakuwa umeponyoka. Mama mkwe wako je?"

Miwani akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, akaweka mfuko mezani. "Mama, hakuna mzee." Akaeleza yote, pamoja na karafuu.

Mama akauliza, "Na ngazi?"

"Nilikuwa nimekunywa."

"Hilo nalijua. Nilikuletea maji, nikasikia harufu. Nikadhani nikikusitiri utaona haya mwenyewe." Akauvuta mfuko upande wake. "Kumbe nilikupa mwanya. Nenda kamwambie mwanangu, leo hii, kwa kinywa chako."

Alimwambia. Mkewe hakumsemesha mpaka Jumamosi. Jumanne iliyofuata akajitanda khanga, akatoka naye, akakaa kwenye ngazi za maktaba hadi kikao kilipokwisha. Akafanya hivyo kila Jumanne. Miwani alijua kwamba hasindikizwi, analindwa. Mwezi wa tatu tangu aanze, alianguka, akanywa siku mbili. Safari hii alilisema mwenyewe nyumbani kabla ya kulisema ukumbini.

Siku moja, wakirudi, mkewe aliuliza, "Huwa mnazungumza nini mle?"

"Siwezi kukuambia, Mama Pacha. Ya mle hubaki mle."

Mkewe akaiweka khanga sawa begani. "Basi ningepaswa kujua tangu mwanzo," alisema. "Yule mzee ulinisimulia mpaka alivyokuwa anapenga kamasi."

Aibu ilimshika Miwani upya, kama ya siku ya kwanza. Mkewe alikuwa ametangulia kidogo. Miwani akaongeza mwendo, akamfikia.