Kasha la diski mbili na mkono uliotulia gotini

Saa moja na nusu asubuhi, mkalimani anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye kompyuta mpakato, unarudisha nyuma video ya sekunde ishirini na sita ambayo ameshaitazama mara nne tangu aamke.

Kwenye skrini kuna mama mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Anaweka mkono wa kulia juu ya goti, kiganja kikitazama juu, halafu hafanyi lolote. Ukitazama kwa haraka utadhani video imekwama.

Pembeni mwa kompyuta, juu ya kitambaa cha kufumwa, kuna kasha jeusi la ukubwa wa mkate. Lina taa mbili ndogo za kijani na feni inayovuma taratibu. Ndani yake kuna diski mbili. "Hili ndilo lililonifilisi," anasema mkalimani akiligonga kwa ukucha. "Nilidhani nikishalinunua basi, nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa naanza."

Saa tatu ana miadi kliniki. Anakwenda na seremala mmoja kiziwi, mwana wa yule mama wa kwenye video. Mwezi uliopita walikwenda wote hapohapo, na mkalimani akakosea. Leo anakwenda kurekebisha.

Ana miaka arobaini na saba, na kazi ya ukalimani wa lugha ya alama ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Huitwa hospitalini, mahakamani, shuleni, mara nyingine kwenye posa, ambako anasema ndiko kugumu kuliko kote kwa sababu kila upande unataka atafsiri maneno matamu tu. Alama alijifunza kwa kaka yake mkubwa, mwoka mikate, ambaye ni kiziwi tangu utotoni. "Tulikuwa tunasengenya wageni mbele yao," anasema. "Mama alitupiga sana."

Lakini wapo viziwi ambao hawakukanyaga shule. Hao huzungumza kwa alama za nyumbani, zilizotungwa na mama, dada na ndugu wa nyumba moja, na nje ya nyumba hiyo hazijulikani. "Nyumba hii, hivi ni chai," anasema akizungusha kidole hewani. "Nyumba ya tatu kutoka hapo, hivihivi ni mtoto analia. Sasa mpeleke mtu huyo kwa daktari uone."

Ndiyo maana kwa miaka kumi na minne amekuwa akizunguka na kamera. Huomba ruhusa, hukaa na familia, na kuwapiga picha za video wakionyesha alama zao na kueleza maana yake. Hakuna anayemlipa kwa hilo. Mpaka sasa amefika kwenye familia sitini na tatu, na video zake zimepita elfu mbili. Kuziweka kwenye mtandao hataki. "Mtu amenionyesha anavyosema tumbo linauma, anavyosema mumewe anampiga. Nimpeleke huko kwa watu nisiowajua? Zitakaa kwangu."

Zilikuwa zikikaa kwenye diski moja tu, kabatini, kati ya mashuka.

Seremala ana miaka hamsini na minane. Hutengeneza milango na vitanda, na wateja humwelewa vizuri mambo yakiwa ya mbao, bei na vipimo. Mambo ya mwili na ya moyo alikuwa akimwambia mama yake, na mama yake, ambaye alikuwa akisikia, ndiye aliyewaambia watu wengine. Miaka minne iliyopita yule mama alimpigia simu mkalimani mwenyewe.

"Aliniambia, 'Mwanangu, njoo na hicho kidude chako. Mimi nimeshazeeka, na huyu nikimwacha hivi, atasemewa na nani?'" anakumbuka. Alikwenda alasiri tatu. Zikapatikana video arobaini na moja. Miezi saba baadaye mama akafariki, na alama za mwanawe zikabaki kwa seremala mwenyewe na kwenye ile diski ya kabatini.

Siku moja diski ikaanza kulia. Tik, tik, kimya. Tik, tik, kimya. Aliikumbatia mpaka kibandani kwa fundi wa kompyuta ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kurudisha kifaa cha mtu siku aliyoahidi. Taratibu alikaa nayo wiki mbili, akaokoa kilichookoleka, akamrudishia kwa masharti.

"Alisema, 'Dada, hii usiitupe, wala usiiwashe tena. Ifunge uiweke. Halafu ukanunue kasha la diski mbili.'"

Kasha hilo ndilo wauzaji huliita RAID. Kwa maneno ya Taratibu, ni nyumba moja yenye wapangaji wawili. Unaweza kuwaunganisha wagawane mzigo, ukapata nafasi kubwa na kasi. Au unaweza kuwaweka kwa mtindo wa kioo, kila unachompa mmoja na mwenzake anakuwa nacho, ili mmoja akifa mwingine abaki na kila kitu.

Alitumia Jumamosi tatu kuchagua. Dukani alikuta makasha ya kila aina, mengine yanang'aa kuliko sufuria mpya, na muuzaji mwenye maneno. Nyuma ya kasha lililompendeza kulikuwa na swichi ndogo ya kusukumwa kwa ncha ya kalamu, na kiwandani lilikuwa limewekwa kwenye kuunganisha. Muuzaji alimshauri aliache hivyohivyo. "Dada yangu," alimwambia, "unalipia terabaiti nane halafu unatumia nne? Hiyo si hasara ya wazi?"

Karibu akubali. Alitoka nje ya duka akampigia Taratibu.

"Aliniuliza swali moja tu. 'Diski moja ikifa, utalia au hutalia?' Nikasema nitalia. Akasema, 'Basi weka kioo, na huyo muuzaji mwambie asante.'"

Taratibu alimpa na mengine ya kuuliza. Feni isipige kelele, maana litakaa sebuleni. Taa iwe inabadilika rangi diski ikiugua. Diski azinunue maduka mawili tofauti, zisije zikawa za siku moja kiwandani zikafa pamoja. Na la muhimu kuliko yote, kasha lenyewe likiungua, je, diski moja inaweza kuchomekwa peke yake kwenye kompyuta ikasomeka? Kwa swali hilo la mwisho muuzaji alikwenda kuuliza nyuma, akakaa huko muda mrefu.

Lilipofika nyumbani lilikuwa limemgharimu malipo ya karibu miezi miwili. Seremala alikuja kumtengenezea rafu ya kuliwekea, bila malipo, na siku hiyo Taratibu naye alikuwepo, ameleta majaribio yake. Alifungua video ya mama mzee, ikawa inacheza, akamwambia mkalimani achomoe diski moja.

"Mkono ulikataa," anasema. "Nikamwambia chomoa wewe. Akasema kasha si lake."

Aliyechomoa ni seremala. Aliivuta kama anavyovuta droo, taa moja ikawa nyekundu, na mama yake akaendelea kuonyesha alama kwenye skrini bila kukatika. Seremala alicheka, akairudisha, halafu akataka kuchomoa na ya pili. Walimzuia wote wawili.

Baada ya hapo mkalimani alilala usingizi wake wote. Ila video ziliendelea kuongezeka, na kufikia mwaka uliofuata nafasi ikawa inakaribia kujaa. Akaanza kuzipunguza. Kwa Jumapili kumi na moja alikaa akikata sehemu ambazo mikono ya watu imetulia. "Niliona, mikono ikitulia, hapo hakuna neno. Nakata. Nilijiona mjanja kweli."

Mwezi uliopita wakaenda kliniki. Seremala ana shinikizo la damu, na alikuwa amebadilishiwa vidonge. Daktari aliuliza maendeleo. Seremala akasema kwa alama zake kwamba analala vizuri na anakula. Kisha akaweka mkono juu ya goti, kiganja juu, akatulia.

"Nilisubiri kidogo, nikamwambia daktari, 'Amemaliza.' Faili likafungwa. Mlangoni alinishika mkono wa gauni, halafu akaniachia. Njia nzima hakunitazama. Kiziwi akikunyima macho, jua kazi yako umeiharibu."

Alirudi nyumbani akafungua video zote arobaini na moja. Kwenye mojawapo mama anaanza kusema, "Na akiweka mkono..." halafu papo hapo anaruka kwenye alama ya mvua. Katikati pamekatwa. Aliyekata ni yeye mwenyewe, siku ya Jumapili, na chai yake pembeni. Mama alikuwa ametuliza mkono kuonyesha alama yenyewe, na maelezo yake yakaenda na kipande hichohicho.

Alichomoa diski ya kwanza akaisoma peke yake. Pamekatwa. Akachomoa ya pili, akitumaini itakuwa na huruma kuliko mwenzake. Napo pamekatwa vilevile.

Taratibu hakumcheka. "Kioo kinakulinda diski ikifa," anaeleza fundi huyo, akiwa kibandani kwake na bisibisi sikioni. "Hakikulindi na mkono wako. Ukifuta huku, kule nako kinafuta, tena kwa uaminifu. Nilipaswa kumwambia dada siku ileile kwamba nakala nyingine ikae mbali, isiguswe. Nilisahau, na hilo ni kosa langu."

Kilichobaki kilikuwa ile diski mbovu. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Taratibu aliichukua akasema siku mbili. Zikawa tisa. Mkalimani anakiri kwamba katika siku hizo alikwenda kibandani kila asubuhi akijifanya anapita tu.

Siku ya tisa, Alhamisi iliyopita, ilisomeka kwa dakika arobaini, ikalia tik mara ya mwisho, ikanyamaza moja kwa moja. Katika dakika hizo zilitoka video thelathini na nane. Hii ya sekunde ishirini na sita ilikuwa mojawapo.

Mkalimani anaongeza sauti ili isikike vizuri. Mama mzee, mkono ukiwa bado gotini, anasema polepole: "Akiweka mkono hivi, watu hudhani amemaliza. Hajamaliza. Ana jambo zito, anatafuta pa kuanzia. Usimharakishe. Mimi huwa nanyamaza naye."

Mkalimani anaifunga kompyuta. Siku aliyoipata video hiyo alikwenda nayo karakana, akamwonyesha seremala, akaomba radhi. Seremala aliitazama mpaka mwisho, akamfuta vumbi la mbao begani, akaelekeza kidole upande wa kliniki. Alilotaka kusema alitaka daktari alione kwa macho yake. Nafasi ya karibu waliyopewa ni ya leo.

Saa tatu na dakika kumi wako ndani. Daktari, dada mwenye sauti ya upole na mafaili mengi mezani, anauliza vidonge vinaendeleaje. Seremala anasema analala vizuri. Anakula. Kisha mkono unashuka gotini, kiganja kinatazama juu.

Daktari anachukua kalamu.

"Daktari, bado," anasema mkalimani. "Hajamaliza. Naomba tunyamaze naye kidogo."

Nje mtu anakohoa. Saa ya ukutani inapita dakika moja, inaanza nyingine. Daktari ameweka kalamu chini. Seremala anatazama viatu vyake, kisha anamtazama mkalimani, na mkono unanyanyuka.

Anasema kwamba tangu aanze vidonge vipya, kichwa kinamzunguka akisimama. Mara mbili msumeno umemponyoka. Kwa hiyo aliacha kuvimeza, yapata wiki tano sasa, na hakumwambia mtu kwa kuogopa ataambiwa aache kazi. Mkalimani anatafsiri neno kwa neno.

Daktari anampima palepale. Shinikizo liko juu sana. Anamwandikia dawa nyingine, anamtaka arudi baada ya wiki moja, na anamhakikishia kwamba kazi hataacha, ila asikose dawa na msumeno aupumzishe kwa siku chache. Seremala ameruhusu yote haya yaandikwe hapa. Alipoulizwa, alijibu kwa alama ambayo haihitaji mkalimani, dole gumba juu.

Nje ya kliniki anamtazama mkalimani usoni, na wanazungumza njia nzima, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Sasa kuna diski ya tatu. Inakaa ng'ambo ya pili ya mji, nyumbani kwa kaka yake mwoka mikate, kwenye sanduku lenye kufuli. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mkalimani huipelekea video mpya tu, zikiwa nzima, na hakuna kinachofutwa humo. Kaka yake ameomba alipwe kodi ya pango. Mkalimani naye akipata uwezo atanunua diski kubwa zaidi za kasha, ili asishawishike tena kushika mkasi.

Kabla ya hapo ana kazi moja. Seremala amemwambia kwamba ziko alama ambazo hata mama yake hakuzijua, za mambo yaliyompata baada ya msiba, na anataka kuziweka yeye mwenyewe. Jumapili ijayo atakaa mbele ya kamera, kwenye kiti cha plastiki.

Na akituliza mkono gotini?

"Kamera naiacha iwake," anasema mkalimani. "Nanyamaza naye."