Bunduki za Wageni na Jeneza la Mdogo Wangu

Kazi yangu ilikuwa kupokea bunduki. Watu wa kwetu Kilema, juu mlimani, waliposikia hivyo walicheka, wakadhani nawatania, maana mimi ni mwanamke mfupi niliyesomeshwa na masista, na sijawahi kufyatua hata manati. Lakini ndiyo kazi niliyoipata Moshi mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kila mwenye magari mawili ya porini alikuwa anafungua kampuni. Yetu ilileta wawindaji kutoka Ulaya na Marekani. Walisafiri na bunduki zao wenyewe, kwa sababu mwindaji wa aina ile hakubali kushika bunduki ya kuazima, kama mama wa kwetu asivyokubali kukata majani ya ng'ombe kwa mundu wa jirani.

Bunduki husafiri chini ya ndege, ndani ya sanduku refu, gumu, lenye kufuli, na risasi zina kisanduku chao. Zikifika, hakuna anayeondoka nazo hivi hivi. Tulikuwa tunaingia chumba kidogo pale uwanjani, mwenye mali anafungua kufuli kwa mkono wake, polisi wa silaha anaitoa bunduki, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha na kuisoma kwa sauti namba iliyochongwa kwenye chuma. Mimi nailinganisha na namba ya kwenye kibali. Tarakimu moja ikipishana, haitoki. Siku ya kurudi kwao ni vilevile: bunduki iliyoingia ndiyo itakayotoka. Nilishamzuia tajiri mmoja hadi ndege yake ikakaribia kumwacha, akanitukana kwa lugha yao. Nilimwacha aseme hadi alipochoka, halafu nikamwomba afungue sanduku upya. Mimi kitu napenda nikione kwa macho yangu. Hata sokoni Kiboriloni wauza maharage wananijua. Kabla sijanunua nachimbua debe hadi chini.

Mama alizipenda sana hadithi za kazi yangu. Kila nilipopanda nyumbani Jumamosi, kabla hata sijavua viatu, ananiuliza, "Haya, wiki hii mmewafungua wangapi?" Alifurahi hasa kusikia kwamba Mzungu mwenye fedha zake anasimama akisubiri mizigo yake ikaguliwe. "Kumbe hata wao kwa wao hawaaminiani," alikuwa akisema, na kucheka hadi anajifuta macho kwa kanga.

Kwetu tulikuwa wasichana, mimi mkubwa, na mdogo wangu wa kiume alikuwa mmoja tu, kitinda mimba. Kwa mila yetu mtoto huyo ndiye hubaki na nyumba ya baba na kihamba chake, yaani migomba, kahawa na makaburi yaliyomo. Baba alikuwa ameshafariki. Mdogo wangu akaenda Ulaya kusoma, akamaliza, akabaki kufanya kazi. Miaka ya mwanzo alituma picha: amenenepa, mashavu yamejaa, amevaa koti kubwa kama blanketi. Mama alizibandika zote sebuleni. Baadaye picha zikakoma, zikabaki barua, nazo zikawa fupi. Siku moja simu ikapigwa misheni, na padre akaja kwa miguu hadi kwetu. Mdogo wangu alikuwa amefia hospitalini baada ya kuumwa muda mrefu bila kutuambia. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Miaka ile ulikuwa hautajwi, na hata mimi hapa sitautaja, kwa sababu mama hakuwahi kuutaja.

Wenzake wa huko na kanisa walichanga ili arudishwe. Nilipomwomba bosi ruhusa alinipa pole ya kweli, kisha akatazama kalenda ukutani. "Ndege hiyohiyo inaleta wageni wetu wawili," akasema. "Kwa kuwa utakuwa palepale, dada, utatupokelea." Kilichonikera ni kwamba hakuwa amekosea. Kweli ningekuwa palepale.

Usiku wa kuamkia siku hiyo wanawake walikuwa wamejaa nyumbani, wanamenya ndizi za msibani. Mama akanivuta pembeni, nyuma ya zizi.

"Ukifika, mfungue umwone," akaniambia. "Usiniletee sanduku."

"Mama, maiti si bunduki."

"Ndiyo maana," akasema.

Tulikwenda na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, kwa pikapu ya kukodi. Ndege iliingia asubuhi. Zilianza kutoka bunduki, kama ilivyo kawaida, kwa sababu zilikuwa zinasindikizwa. Mmoja wa wale wageni alikuwa amekasirika kwa sababu sanduku lake limechubuka pembeni; alilipapasa kama mtu anayempapasa mtoto aliyeanguka. Tukaingia kile chumba. Polisi akasoma namba, nami nikazilinganisha, na sauti yangu haikutetemeka. Nilijishangaa na bado najishangaa. Polisi yule tulikuwa tumezoeana, na alipomaliza akawaambia wageni kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba dada huyu amekuja kumpokea mdogo wake aliyekuwa nao kwenye ndege, chini, pamoja na mizigo. Yule aliyekuwa amekasirika akavua kofia. Hakusema tena habari ya sanduku.

Kisha nikazunguka mlango wa mizigo kumpokea wangu. Jeneza lilikuwa la mbao nyeupe, zuri, limefungwa kamba za nailoni. Kijana wa mizigo akaniambia kwa upole niweke sahihi.

"Mfungueni kwanza," nikasema.

Akanitazama, akamtazama baba mkubwa. Yule polisi rafiki yangu ndiye aliyeleta bisibisi, akafungua skrubu za mfuniko wa mbao. Chini yake kulikuwa na bati zito, limelehemiwa kuzunguka pande zote, halina hata kidirisha cha kioo.

"Dada, hii wameiziba huko huko," akasema. "Sisi hatuna cha kuifungulia. Ndiyo utaratibu wa wanaotoka mbali."

Nikaweka sahihi. Bunduki mbili zilikuwa zimetuchukua nusu asubuhi, na mdogo wangu alitoka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Niliona uchungu mkali sana, na ulikuwa umechanganyika na hasira, wala sikujua hasira hiyo nimpelekee nani, kwa sababu kila mtu pale alikuwa mwema.

Tulipopita mjini na kufika Kiboriloni nikamwambia dereva asimame. Baba mkubwa akauliza nimesahau nini. Nikamwambia namfuata fundi bati, yule Mpare aliyetutengenezea vyombo vya maziwa.

"Unataka kutuaibisha mbele za watu?" akafoka.

"Baba mkubwa, shikamoo nakupa kila siku," nikamwambia, "lakini leo namsikiliza mama."

Fundi alisikiliza, akakuna kichwa, akasema hajawahi kukata bati la namna hiyo. Halafu akachukua mkasi wake, jiko la mkaa na lehemu, akapanda nyuma ya pikapu na kukaa karibu na jeneza, akilishika kwa mkono kwenye makorongo ya kupandia Kilema.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Jeneza likawekwa sebuleni chini ya zile picha. Padre akamshika mama mkono, akamwambia ni afadhali amkumbuke mwanawe jinsi alivyokuwa.

"Padre, kumkumbuka nimemkumbuka miaka yote," mama akajibu. "Leo nataka kumwona."

Hapo fundi akafanya kazi yake nyingine, maana Wapare ni watani wetu, na mtani msibani hakatazwi kitu. Watu hututania kwamba Mchaga akifa huangushiwa sarafu, na asipogeuka ndipo huamini kwamba amekufa. Fundi akatoa shilingi mfukoni, akaiangusha juu ya lile bati. Ikalia ngaa, ikazunguka, ikalala. "Jamani, huyu kweli ametutoka," akasema. Watu wakacheka, na wengine wakalia palepale katikati ya kicheko. Mama alitabasamu kidogo. Ndilo tabasamu la mwisho nililoliona usoni kwake siku ile.

Watu wakatolewa nje. Tukabaki mama, mimi, fundi, na baba mkubwa aliyesimama mlangoni akitupa mgongo. Fundi alikata upande wa kichwani na ubavuni, akalikunja bati taratibu kama mtu anayefunua shuka.

Niliyemwona alikuwa mzee. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, nywele zimepungua na zilizobaki zina mvi, na shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola ya shati jipya. Mdogo wangu hakuwa amefikisha hata miaka arobaini. Nilimtambua kwa masikio, halafu kwa namna kidevu kilivyokaa, halafu kwa yote.

Mama alimwangalia muda mrefu. Aliinua macho kwenye picha za ukutani, akayashusha tena. Alimgusa paji la uso kwa vidole viwili.

"Si yeye," akasema.

"Mama!"

"Si yeye. Wangu ana uso mpana."

Nikafanya nilichokijua. Nikautoa mkono wa kushoto wa mdogo wangu, nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikamwonyesha lile kovu la kwenye kidole gumba. Alijikata kwa mundu tukiwa wote tunakata majani ya ng'ombe, na mama mwenyewe ndiye aliyemfunga kwa kitambaa cha kichwani. Nilikuwa nalia na kusema kwa ukali, kama vile mama ni mgeni anayebisha kibali.

"Kovu hili hapa, mama. Litazame!"

Akalitazama. Akauchukua ule mkono kutoka mikononi mwangu, akaurudisha ndani, akaufunika kwa shuka.

"Watoto wengi wamejikata kwa mundu," akasema. "Wewe umezoea vyuma, mwanangu. Chuma hakibadiliki uso. Kama wangu ametoka hivi," na akaonyesha picha, "mbona mnanirudishia huyu? Bunduki ingetoka moja ikarudi nyingine, si ungeikamata?"

Baba mkubwa alikuwa amegeuka, anatazama chini. Fundi alishika mkasi wake kama hajui ni wa nini. Nilidhani mama atakataa maziko, na watu wote wale wako nje, na kaburi limeshachimbwa karibu na la baba. Lakini alinyoosha kola ya lile shati, akaondoa kipande cha bati kilichoangukia kifuani.

"Mzikeni vizuri," akasema. "Naye ana mama."

Fundi akaziba huku machozi yakidondokea kwenye lehemu ya moto. Kaburini mama alitupa udongo wake kwa heshima, kama jirani anavyofanya kwenye msiba wa jirani, na hakutoa sauti. Wanawake wakanong'ona kwamba ana moyo mgumu. Niliwachukia kwa neno hilo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa ameuweka mahali pengine, hadi hapo mwana atakaporudi.

Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alijua bei ya kahawa, alijua nani kazaa na nani kafukuzwa kazi. Kaburi lile alilitunza kuliko la baba. Alilizungushia masale, yale majani yetu ya amani, akang'oa magugu kwa mkono, na kila Novemba akaomba misa kwa ajili ya marehemu mgeni ambaye mama yake hajui alipolala. Padre alikuwa akiitaja nia hiyo kama ilivyoandikwa, na sisi watoto tunainamisha vichwa. Mara moja nilijaribu kumweleza tena. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Nami niliendelea na kazi. Jumamosi hakuniuliza tena nimewafungua wangapi. Aliuliza, "Abiria walitoka wote?" Nilimwambia ndiyo, walitoka wote. Kwa hiyo ikawa lazima nitazame kweli, maana mama yangu sikutaka kumdanganya. Kila ndege ilipoingia nilisimama mlangoni hadi abiria wa mwisho atoke, hata kama wageni wangu wameshafika kwenye kile chumba na bunduki zao zinanisubiri. Polisi yule alijua. Hakuwahi kuniharakisha.

Mama alipougua kwa mara ya mwisho, alituomba tumtoe nje akae kwenye kihamba. Tukamweka kwenye kiti cha kamba. Akanyoosha mkono kuonyesha kaburi la yule aliyemwita mgeni, akaonyesha nafasi iliyo kando yake, akaonyesha na nafasi inayofuata.

"Mimi mnizike pale," akasema, akikusudia ile ya mbali. "Hapa katikati muache. Atakaporudi, alale karibu na mimi."

Wadogo zangu wa kike walinitazama, wakitaka mimi, mkubwa wao, niseme kitu. Nikasema, "Sawa, mama."

Tukafanya kama alivyosema. Ndugu yangu alisafirishwa kupita bara na bahari ili alale na mama yake, na mama yake amelala mbali naye kwa upana wa kaburi moja, akimngojea.