Ng'ombe Aliyewahiwa Kisu

Nilisomea ualimu Iringa, masomo ya biolojia na kemia. Nilipohitimu nilipiga picha na joho, mama akaitundika ukutani, kisha nikaanza kusubiri ajira kama wenzangu. Kusubiri nyumbani Ubaruku kulinishinda. Nikaenda Mbeya mjini, nikapata kazi kwenye duka la dawa za mifugo pale Mwanjelwa. Nilikuwa nauza dawa za kupe, dawa za minyoo na chanjo za kuku, na wateja walipopungua nilisoma vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi. Sikusoma kwa bidii. Nilisoma kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusoma.

Baba yangu ni mfugaji. Alihamia bonde la Usangu kutoka kaskazini kabla sijazaliwa, akajifunza kulima mpunga kwa majirani, lakini moyo wake ulibaki zizini. Aliuza ng'ombe ili nisome na hajawahi kunikumbusha. Aliyekuwa akinikumbusha ni baba mdogo. "Ng'ombe wetu wamo kichwani mwako," alikuwa akisema. "Sasa watazaa lini?" Watu walicheka, na mimi nilicheka nao.

Kaka yangu mkubwa alikuwa akipeleka mchele Iringa kwa lori, na huko akapata mchumba, binti wa familia ya Kihehe, watu wa kanisa na wenye heshima zao. Siku wakwe walipopanga kuja kuwaona ng'ombe wa mahari, niliomba ruhusa dukani nikaenda nyumbani kusaidia kupika.

Nilifika asubuhi jua limeshachangamka. Mama alikuwa jikoni, uso unang'aa.

"Tumepata bahati," akaniambia. "Wale mbuzi hatuwachinji tena."

Akanieleza kwamba alfajiri ng'ombe jike mmoja, mnene, alikutwa amelala zizini anatetemeka. Kaka alimwahi na kisu kabla hajakata roho. Nyama ilikuwa nyingi, ya kuwatosha wageni na majirani. Mjini mtu angeshtuka kusikia hivyo, lakini sisi tumekua tukila nyama ya namna hiyo. Ng'ombe akianguka, anawahiwa.

Nikaenda nyuma ya zizi kuwaamkia. Kaka na baba mdogo walikuwa wanamalizia kuchuna. Baba mdogo alikuwa anatafuna kipande cha ini alichokichoma pembeni. Niliwasalimia huku macho yangu yakiwa chini, kwenye damu. Ilikuwa nyeusi kama oili chafu, na ilikuwa bado inatiririka. Ng'ombe amechinjwa tangu alfajiri, damu yake ilipaswa kuwa imeganda. Nikatazama kichwa. Puani kulikuwa na damu. Kwenye majani waliyotandika niliona bandama, limevimba, jeusi, laini kama uji.

"Alianza kuumwa lini?" nikauliza.

"Hakuumwa," kaka akasema. "Jana jioni amekula vizuri tu. Ticha, usisimame hapo, njoo ushike mguu huu."

Sikwenda. Nilizunguka nyuma ya ghala nikampigia rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Yeye alibahatika, alipata kazi Iringa kwenye maabara ya magonjwa ya mifugo. Nilimweleza nilichokiona.

"Damu haijaganda kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Siwezi kukwambia kwa simu kwamba ni kimeta. Lakini chukulia ni kimeta mpaka kipimo kiseme vingine. Mwite afisa mifugo wa kata sasa hivi. Watu wasiguse, wasile. Na usidanganywe na moto, vijidudu vyake havifi kwa kuchemshwa kama maharage. Wewe umeshika?"

"Sijashika."

"Nani ameshika?"

Nilichungulia. Mikono ya kaka ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, na mkono wa kulia ulikuwa na mchubuko alioupata akipakia magunia.

Afisa mifugo alipokea simu yangu akiwa kijiji kingine. Alisema anakuja na pikipiki, na kwamba mpaka afike mtu yeyote asiweke nyama mdomoni. Nikaenda kwa baba. Alikuwa ameshavaa koti lake la sherehe, anapanga viti chini ya turubai. Nilimwambia kwa sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndiyo tabia yake.

"Una hakika?"

"Mpaka damu ipimwe, baba."

"Kwa hiyo huna hakika."

"Sina. Lakini dalili zote zipo."

"Nyama kama hii umekulia wewe," akasema. "Ndiyo iliyokuotesha meno." Kisha akasema neno lililoniuma zaidi, na hakulisema kwa ubaya. "Wewe ni mwalimu, mwanangu. Ungekuwa daktari wa mifugo ningeisimamisha hii shughuli."

Nilitaka kujibu lakini gari la wakwe lilikuwa linaingia uani. Akashuka mjomba wa bibi harusi, mzee mrefu mwenye kofia, na nyuma yake wazee wenzake na akina mama. "Kamwene," wakasalimu, na baba akawapokea kwa mikono miwili. Nikamkimbilia mama jikoni. Sufuria la nyama lilikuwa limeshateremshwa motoni, linatoa mvuke. Majirani wamekaa na mabakuli yao kusubiri mgawo, na nyama mbichi imejaa kwenye mabeseni.

"Mama, wasile."

"Unataka tuwaambie nini watu waliotoka Iringa?" Alinishika mkono, akanivuta karibu. "Nyamaza leo tu. Wakishaondoka tutajua la kufanya."

Nilisimama pale mlangoni na kwa muda nilijaribu kunyamaza. Nakumbuka nikijiuliza: kama nimekosea je? Damu inaweza kuchelewa kuganda kwa sababu nyingine. Sijawahi kumwona ng'ombe wa kimeta kwa macho yangu. Nimesoma tu, nikafanya mtihani, nikafaulu. Nikikosea, ndoa ya kaka imekwisha na baba hatainua tena uso mbele ya watu. Na nikinyamaza nikawa sijakosea?

Kaka alitokea nyuma ya nyumba akiwa amenawa, amebadili shati, amebeba sahani ya maini ya kuchoma. Kwetu mgeni anaonjeshwa ini kwanza. Alikuwa anatabasamu. Mjomba wa bibi harusi akainua mkono kupokea.

Nilifika kabla ya mkono ule. Niliivuta sahani, maini yakamwagika mchangani. Nikageuka, nikachukua dumu la dizeli ya pampu lililokuwa limeegemezwa ukutani, nikaimimina kwenye mabeseni ya nyama mbichi, kisha kwenye sufuria. Nyingine ikamwagikia sketi yangu. Harufu ya dizeli ikajaa uani.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga.

Baba mdogo ndiye aliyeinuka, ameshika fimbo. Baba akasema, "Muache." Hakunitazama. "Na wewe toka mbele yangu."

"Binti," akasema mjomba wa bibi harusi, "umefanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba yule ng'ombe alikuwa anakufa, kwamba dalili zake ni za kimeta, na kwamba ugonjwa ule unaua na watu. Niliongea haraka, bila mpangilio, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ghafla. Mzee alisikiliza, kisha akamgeukia baba.

"Kwa hiyo hakuchinjwa kwa ajili yetu. Mlitaka kutulisha kibudu."

Wageni wakasimama. Mama aliwaomba wanywe hata soda, wakasema asante, wana safari ndefu. Gari lilipoondoka, kaka alibaki amesimama katikati ya viti vitupu na ile sahani mkononi.

"Umeniua, mdogo wangu," akasema.

Afisa mifugo alipofika, ua ulikuwa umenyamaza kama pana msiba. Alivaa glovu, akachukua damu kwenye sikio la ng'ombe, akauliza maswali yaleyale niliyouliza mimi. Akaamuru lichimbwe shimo refu, kila kitu kichomwe na kufukiwa, ngozi pamoja na majani, na ng'ombe wengine wasitoke zizini. Watu walichimba kwa sababu yeye ni serikali. Waliogusa au kuonja akawaelekeza zahanati wakapewe vidonge. Kaka alikwenda. Baba mdogo akasema hawezi kumeza dawa za ugonjwa asioumwa.

Afisa alikwenda na sampuli Iringa mwenyewe, kwa gari la ofisi. Mimi nilibaki nyumbani. Mama alinipa chakula, akarudi jikoni. Baba alikaa zizini. Jirani mmoja alipita na kusema kwa sauti, ili nisikie, kwamba elimu nyingine ni hasara tupu. Kila nilipofumba macho nililiona lile bandama, na kila mara lilionekana dogo kuliko nilivyolikumbuka, mpaka nikaanza kuamini kwamba nimewadhalilisha wazazi wangu kwa jambo la kwenye vitabu.

Kesho yake mchana rafiki yangu alipiga.

"Ni kimeta," akasema. "Tumekiona."

Nilikaa chini palepale. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi kama mtu aliyeachiwa huru. Halafu nikamwona kaka anatoka chumbani anajikuna mkono wa kulia, na furaha ikanitoka.

Siku zilizofuata, pamoja na vidonge alivyokuwa akimeza, pale penye mchubuko palivimba, kikatokea kidonda kisichouma, katikati cheusi kama mkaa. Hilo la kutouma ndilo lililonitisha. Uvimbe ulipanda mpaka begani, homa ikamchukua, tukampeleka hospitali Mbeya. Baba mdogo alipouona mkono ule alikwenda zahanati mwenyewe bila kumwambia mtu, akaomba vile vidonge. Nashukuru havikuchelewa.

Mimi na baba tulikaa kwenye benchi nje ya wodi. Kaka alikuwa kwenye dripu, na daktari alikuwa ametuambia tusubiri tuone dawa itafanyaje. Baba alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Wale wageni," akasema mwisho. "Ningewalisha kwa mkono wangu."

Nilisogea karibu tu. Hakusema zaidi ya hapo, na mpaka leo hajasema.

Homa ilishuka. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona na kilimwachia kaka kovu pana, lakini mkono ulibaki wake. Akiwa bado hospitali, baba aliniita akanipa kazi ambayo sikuitarajia. Niende Iringa kwa wakwe, mimi, nikawaeleze.

"Hiyo si kazi ya wazee?" nikauliza.

"Wazee watakwenda kuomba radhi baadaye. Kwanza aende anayejua ugonjwa."

Nilikwenda na rafiki yangu wa maabara akinisindikiza mpaka mlangoni. Nilikaa kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, mjomba mbele yangu, mama wa bibi harusi pembeni. Nilieleza yote, hata kwamba ng'ombe wamewekwa karantini na mahari haiwezi kusafiri mpaka tuambiwe. Mzee hakunisaidia hata kwa kutikisa kichwa.

"Kwetu," akasema nilipomaliza, "mtu anayemwaga chakula mbele ya wageni hana adabu."

"Najua, baba."

"Basi ujue pia kwamba nimekula huko nyuma nyama kwa watu ambao hawakuwa na mtu wa kuimwaga." Akaagiza chai iletwe.

Bibi harusi ndiye aliyeileta. Alipoinama kuniwekea kikombe aliuliza polepole, "Mkono wake unafanya kazi?" Nikamwambia unafanya. Akaenda zake jikoni, na nikamsikia analia.

Walifunga ndoa baada ya mavuno, ng'ombe walipokuwa wamechanjwa na kuruhusiwa kutoka. Ajira yangu mpaka sasa haijatoka. Najitolea kufundisha sekondari ya kata, na siku za mnada afisa mifugo hunichukua twende tukaongee na wafugaji kuhusu chanjo, na kuhusu ng'ombe anayeanguka ghafla. Wapo wanaosikiliza. Wapo majirani ambao hawajanisamehe ile nyama.

Juzi mnadani mzee mmoja aliniacha nimalize maelezo yote, kisha akasema, "Binti, ng'ombe wangu akianguka na watoto wana njaa, unataka nimchome na kumfukia?"

"Ndiyo," nikasema. "Na nitakuja kukusaidia kuchimba."

Alinitazama, akaishika fimbo yake vizuri, akaondoka bila kuniambia atafanya nini.