Siku Ishirini na Nane za Samaki wa Hippolyte

Watu wa hoteli ya Hippolyte, pale Bunia, walikuwa wakimwambia Micheline kila asubuhi, "Mama, hasira hasara." Naye aliwajibu, "Hasara yenu ninyi. Mimi hasira ndiyo inanilisha." Wala hakuwa anatania. Mwanamke yule alikuwa na hasira ya kazi, ile ya mtu anayejua kitu barabara halafu kila siku anaamriwa na asiyekijua hata kidogo.

Alichokijua ni samaki wa maji ya chumvi. Ndiyo, hapa hapa Bunia, ambako bahari watu wameiona kwenye kalenda tu. Hippolyte ananunua dhahabu, na dhahabu ilimpeleka Dubai, akaona kwenye hoteli fulani kioo kikubwa chenye samaki wa rangi, akarudi na homa yake. Kioo cha lita mia tano kikapita Kampala, kikapita Mahagi, kikafika mapokezi kimefungwa magodoro kama mgonjwa. Ndipo patron, yaani bosi mwenyewe, akauliza nani atakitunza. Wakasukumana. Micheline, msafishaji wa vyumba, alikuwa ndiye pekee aliyefungua kile kitabu cha Kifaransa kilichokuja pamoja na pampu, akakisoma mpaka kurasa zikaachana. Akajifunza kwamba chumvi ya jikoni haifai, kwamba ile ya samaki inapimwa, na kwamba maji yake lazima yakorogwe siku nzima kabla samaki hajaingia.

Mwaka uliopita Hippolyte alileta samaki sita, akakata mifuko mwenyewe na kuwamwaga kiooni saa ile ile pamoja na wale wa kwanza, watu wakipiga makofi. Siku ya saba vidoa vyeupe vikatokea mapezini, vidogo kama chembe za sukari. Siku ya kumi na nne walikuwa wamekwisha wote, wageni kwa wenyeji, akabaki mmoja tu, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Hippolyte akasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya! Micheline aliwazika nyuma ya jiko huku akimtukana kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia.

Kwa hiyo mwaka huu, aliposikia wengine wanane wako njiani, hakungoja kuitwa.

"Patron, mara hii hakuna samaki ataingia mu kioo mbele ya siku makumi mbili na munane kwisha."

Hippolyte aliweka simu chini. "Mama Micheline, samaki banafika alhamisi, dot ya mutoto wangu iko samedi. Bakwe batoke Mambasa mpaka hapa, baone kioo kizima na samaki moja? Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mugeni anakaa ku salon, haiko ku buanderi."

"Uyu mugeni atazika mwenyeji, patron. Mwaka uliopita ulizika bangapi?"

Yule bwana akachukua tena simu yake. Mwisho akasema afanye anavyotaka, lakini Jumamosi atakuja kuwaangalia kwa macho yake, na kama ni wazima wataingia, dot ni dot, mahari haisubiri samaki. Micheline akatoka bila kuaga.

Akatengeneza karantini katika buanderi, kile chumba cha kufulia mashuka. Kioo kidogo cha lita mia moja, bila mchanga, ili uchafu wote uonekane. Vipande vya bomba la plastiki, wapate pa kujificha, maana samaki mwenye hofu anaugua upesi. Kifaa cha kupasha maji. Na sponji ya kuchujia, ambayo alikuwa ameilaza kwenye kioo kikubwa wiki tano kabla, akijua patron hataacha kuleta samaki, ije na vile vijidudu vyema vinavyokula uchafu. Kisha akapiga mstari wa chaki mlangoni. Ndoo za buluu za upande wa nje, ndoo nyekundu za upande wa ndani. Maji yanatoka kwa mzima kwenda kwa mgonjwa, hayarudi. Wavu wa ndani haujui kioo cha nje. Mikono inaoshwa kwa klori kila ukitoka, na wavu unalowekwa kwa klori, unasuuzwa, unaanikwa juani.

Hayo hakuyasoma kitabuni. Wakati wa Ebola alikuwa mtu wa usafi katika kituo cha matibabu, pompi ya klori mgongoni, miwani usoni, jasho mpaka kwenye viatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka pale dada yake, Claire. Claire aliingia kwa miguu yake, akimtania mlinzi. Siku ya sita akatoka ndani ya mfuko. Tangu hapo nyumbani kwao Fataki wanasema Micheline alimuuza dada yake kwa mshahara, na kwamba mle ndani mtu anaingia mzima anatoka maiti. Kaka zake hawapokei simu yake mpaka leo. Basi waliposema watu kwamba samaki wa patron wamepewa karantini, wakacheka, "Ee, samaki nao wameshikwa na Ebola!", walikuwa hawajui wamegusa wapi. Micheline alijiapia kimoyomoyo kwamba safari hii watakaoingia wazima watatoka wazima. Ni samaki tu, anajua. Aliapa hivyo hivyo.

Aliyecheka zaidi ni Adolphe, mpishi, kijana wa miaka thelathini mwenye tumbo la kazi yake, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya Micheline, sasa na siye tuvae gants ku mikono, ku jikoni?"

"Cheka," akamwambia. "Bugonjwa iko ndani ya samaki na hauione. Mutu wa Ebola alikuwa anacheka vile, kisha anarudi ku nyumba, anamaliza famille. Ni kitu moja."

Adolphe akaacha kucheka. Laiti angeendelea.

Samaki walifika Alhamisi, wanane, wawili wa manjano na sita wa buluu wasiozidi kidole. Micheline akapasha mifuko joto taratibu, akawazoesha maji kikombe kwa kikombe, saa nzima amechuchumaa. Ijumaa wakala. Jumamosi asubuhi walikuwa wazima kabisa, akaenda kutandika mashuka ya vyumba vya bakwe, wale wakwe wa Mambasa, akimwachia Adolphe neno moja tu, asivuke chaki ila kwa haja.

Saa nne alirudi. Hata kabla ya mlango harufu ilimkamata puani. Ile harufu anaijua kuliko sabuni yake mwenyewe. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo nje, wanahema haraka haraka, mmoja wa buluu amelala ubavu.

"Adolphe! Nani ametia chlore?"

Adolphe alikuja mbio na aproni yake. "Ni miye, yaya. Kijiko moja tu. Bageni banakuja, niliogopa bugonjwa isitoke."

Micheline aliinua wavu. Naapa angempiga nao usoni, na pengine angestahili.

"Yaya, weye ulisema ni kitu moja na Ebola! Na nani hapa anajua bugonjwa bila chlore? Ulikuja ku avenue yetu na pompe ku mugongo, ukatufundisha, penye bugonjwa chlore kwanza. Kila siku unalowesha wavu ndani yake. Siye tulisikia weye!"

Mkono ukashuka. Kwa maana ilikuwa kweli. Aliwaambia habari ya ndoo, ya wavu, ya chaki, akawaeleza kila kitu isipokuwa kile ambacho kwake kilikuwa wazi mno, kwamba klori inaunguza matamvua ya samaki. Akajikasirikia vibaya, kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na hapakuwa na muda wa kujikasirikia.

Maji mapya hayakuwepo, chumvi inataka siku nzima. Maji salama mji mzima yalikuwa mahali pamoja, kioo cha mapokezi. Angeweza kuwabeba wanane akawatumbukiza humo, wakapona mara moja, na pengine wakammaliza yule wa chungwa wiki ijayo. Au awaache wafe. Akanyakua ndoo za buluu.

"Weye ingia ndani, usivuke tena. Unapokea hapa na ndoo nyekundu, unamwanga mu bassin, hairudi nje. Haraka!"

Bakwe walikuwa wamekwisha kufika. Kina mama wa Mambasa wamekaa na vitenge vyao vipya, soda mkononi, wamekielekea kile kioo, na mara wakaona mwanamke mwenye bottes za mpira miguuni akipanda kiti na kuchota maji ya kioo kama ya kisima. Ndoo ya kwanza. Ya tatu. Ya sita. Maji yakashuka, pampu ikaanza kukoroma kwa kuvuta hewa, na yule samaki mmoja akabaki anazunguka chini, aibu tupu.

Hippolyte alitoka na koti lake la sherehe. "Micheline! Unanifanyia haya mbele ya bakwe?"

"Patron, toka ku njia."

"Ninakufukuza! Leo hii!"

"Utanifukuza nyuma ya siku makumi mbili na sita zenye zimebakia. Sasa toka, unamwanga maji!"

Mama wa bwana harusi akauliza kuna nini. Micheline hakusimama. "Kuko bagonjwa ku nyuma, mama. Banakosa maji."

Yule mama akamtazama, akatazama zile ndoo za rangi mbili, akatazama mstari wa chaki kule mwisho wa ukumbi, mlangoni pa buanderi. Na wao kwao waliyaona mambo hayo wakati wa Ebola. Akakunja kitenge chake, akasogeza kiti ili njia iwe wazi. "Bapatie maji," akasema. Hippolyte angefanya nini? Akasogea naye.

Waliwasuuza samaki mara mbili, beseni moja hadi jingine, kisha wakaosha kioo kidogo na kukijaza upya. Mmoja wa buluu alikufa kabla ya saa sita. Saba wakabaki. Sponji nayo ilikuwa imekufa pamoja na vijidudu vyake, kwa hiyo Micheline akabadilisha maji kila siku, mgongo ukimuuma, akimlaani Adolphe, akijilaani mwenyewe, na Adolphe akikoroga chumvi.

Siku ya kumi na mbili vidoa vyeupe vikatokea kwa mmoja wa manjano. Akamwita Hippolyte, akamsimamisha nje ya chaki, akamwonyesha kwa kidole.

Patron aliinama kwenye chaki. "Kama wangeingia ile samedi..."

"Wangeingia, wangekufa bote. Usiniambie asante. Sema ulikosa."

"Nilikosa," akasema Hippolyte, tena kwa sauti ya chini kuliko mnunuzi wa dhahabu anavyopenda kusikika.

Micheline akatia dawa ya shaba, akaipima asubuhi na jioni, maana ikizidi inaua na ikipungua haitibu. Yule wa manjano hakustahimili, akafa. Vidoa havikuonekana tena kwa waliobaki, naye Micheline, kwa ukali wake, akaanza kuhesabu upya tangu siku ile. Ishirini na nane za hesabu hiyo mpya zilipotimia walikuwa sita, wanakula, macho safi. Akawavusha mmoja mmoja kwa chombo kipya, mpaka mapokezi, na wa sita alipoteremka kwenye kioo kikubwa Adolphe alipiga makofi. Watu wa hoteli wakapokea. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kule kituoni mgonjwa akipona na kutoka kwa miguu yake.

"Nyamaza!" Micheline akampigia kelele. "Ni samaki hawa! Unapigia samaki makofi!"

Lakini sauti ilikuwa imevunjika. Akaketi kwenye ngazi na bottes zake, akalia kwa hasira, mbele ya wageni, bila kujifunika uso. Samaki sita wa Hippolyte walikuwa wametoka wazima, na Claire hakutoka mzima.