Specioza: Nilimnyima mume wangu maji ya kukatia mawe

Saa mbili asubuhi, Kiseke, wilayani Ilemela. Specioza Rutashobya (51) anajaza ndoo maji, anafungua mrija unaodondosha matone juu ya msumeno wa duara, ndipo anawasha mashine. Tope jeupe linamrukia kifuani.

Jiwe alilolishika ni agati, aina ya jiwe la vito. Linapopasuka, ndani panaonekana michoro ya kijani, kama ule ukijani laini unaoota juu ya miamba ya ziwani. Hakuna aliyeichora, imo humo tangu jiwe lilipoumbika.

"Wateja wengine hawaamini. Wanakwangua kwa kucha," anasema.

Kazi hii ilikuwa ya mumewe, Alexander. Walihamia Mwanza kutoka Bukoba mwaka 2009. Nyumba yao haikuwa na bomba, na ndoo moja ya maji waliinunua Sh500. Alexander alitumia ndoo tatu kwa siku.

"Siku moja nikamwambia, 'Baba Jovinary, maji ya kupikia yameisha. Watoto watakunywa mawe?' Hakubishana. Akasema, 'Basi, nitakata kavu.'"

Alikata kavu miaka sita, bila maji ya kutuliza vumbi. Jioni aliingia ndani akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na Specioza alimpangusa kwa kanga.

Alexander alianza kukohoa mwaka 2019. Alimeza dawa za kifua kikuu, hazikusaidia. Baadaye daktari aliwaeleza kuwa mapafu yameharibiwa na vumbi la mawe na hayatapona.

Mumewe akiwa kitandani, Specioza alimwomba msamaha.

"Akaniambia, 'Tusilaumiane, Mama Jovinary. Hatukujua.' Kisha akaniomba nimletee jiwe, anionyeshe pa kukata."

Alexander alifariki dunia Machi 2022.

Mjane huyo sasa huwauzia masonara wa mjini mawe anayokata, akipata wastani wa Sh180,000 kwa mwezi. Bomba limefika, ingawa maji hukatika mara kwa mara.

"Yakikatika, sikati. Hata tukilala njaa."

Kinachomkosesha usingizi ni mzee Ndalahwa, fundi wa Mkuyuni ambaye bado anakata kavu, na ameanza kukohoa. Mwezi uliopita Specioza alimfuata.

"Nilimwamkia, nikamwambia, 'Baba, njoo ukatie kwangu, maji yapo.' Akanijibu, 'Mwanangu, nikija huko, kibanda changu nitamwachia nani?'"

Specioza anadunduliza anunue tangi la lita 500, alifunge kwenye kibanda cha mzee huyo kabla ya mvua za vuli, likinge maji.

"Hajaniomba," anasema. "Alexander naye hakuniomba maji tena."