Joto la Mwanahawa

Dada Somoe, shikamoo. Nisalimie shemeji, bibi na Hamisi wako. Sisi wa Kikole wazima, ila leo nimemtia hofu bwana mganga wa zahanati!

Mwanangu Mwanahawa ana mafua. Kabla hatujatoka kwenda zahanati nikamfukiza kwa mvuke wa majani ya mvumbasi ndani ya blanketi.

Bwana mganga akampima. "Joto kali!" Akamulika koo, akasikiliza kifua.

Nikamwambia nilivyomfukiza.

"Ah, mama! Kaeni nje kwanza, mtoto apoe."

Tukakaa. Akapima tena, joto hakuna.

"Mafua tu. Yataisha. Akihema kwa shida, mrudishe."

Sindano hakuna, dawa hakuna! Nimerudi na mtoto na kamasi zake.

Chungu cha majani bado kiko jikoni. Nimfukize, dada, au nisimfukize? Nijibu upesi.